Jiko la Ushahidi

Kazi yangu ni kukaa na watoto wa watu. Mbele ya watu waliovaa vizuri huwa nasema mimi ni mlezi, tena nalitamka polepole, ili waone kama vile kuna mahali nilisomea. Sikusomea popote. Nilijifungua, nikawa nashinda nyumbani, jirani akaniomba nimwangalizie mwanawe mara moja tu, na hiyo mara moja yake mpaka leo haijaisha. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia wa kwake, na kabla sijajifunza kukataa, chumba kikawa kimejaa.

Watoto nawaita kwa majina niliyowapa mimi. Mama zao wakisikia, wengine wanacheka, wengine wananuna. Kuna Bosi, anayetembea mikono nyuma na kumsimamia kila anayekula. Kuna pacha, Huyu na Yule. Kuna Malkia, ambaye akiwekwa chini analia mpaka mtaa mzima ujue ameonewa. Na kuna Mkaguzi, mtoto wa mama mmoja anayesafisha wodi hospitalini. Huyo hakuna kitu chini ya jua ambacho hajakishika, akakigeuza, akakionja. Wa kwangu bado ni wa mgongoni, kwa hiyo nikihesabu huwa namsahau.

Chumba chenyewe ni kirefu na chembamba kama behewa la treni. Mlango ni mmoja, na dirisha liko juu mno, hata mimi silifikii bila stuli. Ukutani nimepigilia misumari, kila msumari na kikombe chake cha plastiki, na kila mtoto anaijua rangi yake, isipokuwa Yule, ambaye anaijua ya Huyu. Mikeka iko katikati, poti ziko pembeni nyuma ya pazia, na jiko la mkaa lilikuwa palepale mlangoni, upande wa ndani. Nililiweka pale kwa akili nyingi. Moshi unatoka, mvua hailifikii, na mimi nakoroga uji kwa mkono mmoja huku wa pili umemshika anayetoroka. Nilijiona mvumbuzi.

Kazi kama hii inataka kibali, nikaomba. Akaja bwana afya, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi, akavua kofia kabla ya kuingia. Sikuona ubaya wake siku ile na mpaka leo sijauona. Aliwahesabu watoto, akaupima mlango kwa futi yake ya chuma, kisha akachuchumaa mbele ya jiko langu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Akaniuliza, moto ukilipuka hapa, hawa watapitia wapi. Nikamjibu kwamba haujawahi kulipuka. Akaandika. Akasema jiko nilihamishe. Nikasema sawa, ile sawa tunayowaambia watu wa ofisini, maana yake nimekusikia, nenda salama.

Jibu lilipokuja likasema kibali kimekataliwa na chumba kifungwe, kwa sababu jiko la moto limekaa kwenye mlango wa pekee. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa, ilisemwa kwamba nisiporidhika naweza kukata rufaa mbele ya kamati ya halmashauri.

Jioni mama zao walipokuja kuwachukua nikawaambia. Mmoja akasema atatafuta dada wa kazi, mwingine akasema wa kwake ataenda kwa bibi. Mama yake Mkaguzi alisubiri mpaka wenzake wakaondoka. Yeye anaingia zamu alfajiri, na mjini humu hana bibi wala shangazi. Alikuwa amepiga magoti anamfunga mwanawe viatu, akasema bila kuinua uso.

"Wakifunga hapa, mimi nitamfungia ndani niende kazini. Sina njia nyingine, dada."

Kisha akamwambia mtoto aniage, na mtoto akaniaga kwa kunivuta hereni.

Usiku ule nililala nikimwona Mkaguzi peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, anashika kila kitu. Asubuhi nikaipeleka rufaa.

Karani aliyeipokea aliniambia kwamba hapa kwetu, ukishakata rufaa, amri ya kufunga inalala mpaka kamati iamue, mradi usiongeze mtoto mwingine. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na nyuma yangu hakukuwa na foleni. Ningeweza kumuuliza na mengine yote: kamati inaangalia nini, nije na nini, nifanye nini kwanza. Sikumuuliza. Nilimshukuru kama mtu mwenye haraka, kwa sababu nyumbani nilikuwa na mtaalamu wangu.

Mtaalamu wangu anaitwa Babu Tela, jirani wa chumba kinachotazamana na chetu katika ua mmoja. Aliendesha malori ya masafa tangu akiwa na nywele, akavuka mipaka mingi, na sasa goti limekataa klachi. Nchi haziiti kwa majina yake, anaziita kwa mzigo aliopakia huko: Nchi ya Mbao, Nchi ya Saruji, Nchi ya Vitunguu, Nchi ya Chumvi. Kila alikopita aliwahi kunyang'anywa kitu, leseni, au kibali cha mzigo, au lori lenyewe, na kila aliponyang'anywa alilalamika. Husema mwenyewe kwamba amekata rufaa nyingi kuliko kona alizokata.

Nilimkuta amekalia kiti cha lori lake la mwisho. Alikifungua siku ya kustaafu kiwe kumbukumbu, na hukilaza kwenye banda la nyuma ya ua pamoja na matairi, turubai na minyororo. Akaisoma barua, akaikunja, akanifundisha.

Katika Nchi ya Mbao, alisema, ukikataliwa unarudi kwa yuleyule aliyekukataa, unamwomba afikiri tena. Nikacheka, nikasema hiyo ni sawa na kumshtakia paka habari za maziwa. Akaniambia nisicheke, mara nyingine mtu amekosea kwa sababu ya njaa tu, ukimrudia ameshiba anarekebisha, na mambo yanaisha bila kelele. Tatizo la huko ni kwamba amri hailali. Unafunga kwanza, unalia baadaye. Katika Nchi ya Saruji unapanda kwa mkubwa wake. Mkubwa anamuuliza mdogo uliamua nini, mdogo anamwambia, mkubwa anasema basi na mimi hivyohivyo. Katika Nchi ya Vitunguu kuna baraza, na mmoja wa wajumbe si mtu wa serikali kabisa, anaweza akawa fundi viatu. Hao wanakuja wenyewe mpaka kwenye lori, wanapanda, wanaugusa mzigo. Tena huko ofisi ikinyamaza mpaka muda wake ukapita, kimya hicho ni ndiyo. Ukivuka tu ukaingia Saruji, kimya hichohicho ni hapana. Babu Tela aliwahi kupeleka ombi moja nchi zote mbili, akanyamaziwa kote. Upande huu akawa ameruhusiwa, upande ule amekataliwa, na hakuna mtu aliyefungua mdomo.

Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. Akili ni nywele, kumbe na nchi nazo zina vichwa.

Ila nchi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Chumvi. Huko malalamiko yanakwenda kwa jaji mwenye joho. Na jaji wa Chumvi haulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri au mbaya. Anauliza kama aliyeamua alifuata njia: alikuwa na mamlaka, alikusikiliza, alitoa sababu. Tena anaangalia mambo yalivyokuwa siku ile ya kuamuliwa, hana habari na yalivyo leo. Babu Tela alikamatwa huko kwa sababu ya taa ya nyuma. Akanunua taa mpya, akaifunga, akaenda mbele ya jaji anajisifu. Jaji akamwambia, kumbe taa ilikuwa mbovu kweli, asante kwa kukiri. Lori likakaa huko mpaka mzigo ukaloa ukawa jiwe.

"Kwa hiyo wewe, mwanangu," akaninyooshea kidole, "usiliguse hilo jiko. Ukilihamisha, umekiri."

Maneno hayo yaliniingia kama maji kwenye mchanga.

Mama mkwe wangu, mwenye nyumba, ambaye tunaishi naye, alikuwa amekaa kizingitini anachagua maharage. Akauliza kitu kimoja tu: kwani jiko si lihamie kwenye banda la nyuma? Babu Tela akasema banda limejaa. Mama akasema limejaa matairi. Babu Tela akasema matairi ni mali. Nikaona mama haelewi sheria, nikamweleza habari za Chumvi kwa upole, kama ninavyomweleza Bosi habari za kunawa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, wakili," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema ukiwa na wakuu wawili ufanyeje.

Tangu siku ile lile jiko likawa si jiko tena, likawa ushahidi. Nililizungushia duara la chaki sakafuni, ili nikilisogeza kufagia nilirudishe palepale, lisije likakiri lenyewe. Mkaguzi aliifuta chaki kwa kiganja akairamba, mimi nikachora nyingine. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi na hurudi wikiendi, alilikuta lile duara akauliza nani amekufa. Nikamwambia asiguse. Naye ni mtu wa amani, akaruka duara akaenda kuoga.

Ubaya wa elimu ni kwamba haikai kimya. Bombani tunapochota maji nikaanza kuwasimulia wenzangu habari za Saruji na Mbao, na wao wakaanza kuniita wakili kwelikweli, si kama mama mkwe. Nikapenda. Nikawa nachelewa kurudi na ndoo. Msusi mmoja wa mtaani alikuwa ameomba ruhusa ya kusimamisha kibao cha saluni yake kando ya barabara, na ofisi ilikuwa imenyamaza. Nikamwambia kwa uzito wote kwamba kimya ni ndiyo, asimamishe. Akasimamisha. Watu wa halmashauri wakaja wakakipakia kwenye mkokoteni, picha ya mwanamke mwenye nywele nzuri ikitazama juu mawinguni. Msusi akaja mpaka mlangoni kwangu, akaniuliza kwa adabu kile kimya nilichompa kilikuwa cha nchi gani. Nikamwambia cha Vitunguu. Siku hizi akinisuka ananivuta.

Hata hapo sikuamka. Jambo lililokaribia kuniamsha lilitokea mchana mmoja, watoto wamelala na mimi nimegeuka kutundika vikombe. Nilisikia ukimya wa aina fulani, ule ambao mama yeyote anaujua. Nikageuka. Mkaguzi alikuwa amesimama ndani ya duara langu la chaki, amenyoosha mkono juu ya sufuria, vidole vimetandazwa, anausikiliza mvuke. Nilimnyakua mpaka tukaanguka wote wawili kwenye mkeka. Hakuungua. Alicheka, akadhani ni mchezo, akataka turudie. Nikakaa pale nimemkumbatia, na macho yangu yakaenda kwenye jiko. Na unajua nilichofanya? Nilimlaza mtoto, nikaenda kuangalia kama jiko halijatoka kwenye chaki.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameona yote.

Siku ya kamati nilivaa viatu vyangu vya harusi, ambavyo vilinibana hata siku ya harusi, na kumfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko iliyopigwa pasi. Watoto nikamwachia mama mkwe. Babu Tela alinisindikiza, koti limenyooshwa, goti linalia kila hatua. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni inayozunguka bila kutoa upepo. Mezani walikaa watatu: mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, kushoto kwake mzee aliyekuwa anasinzia, na kulia kijana wa kuandika. Bwana afya alikaa pembeni, kofia magotini, akanisalimia kwa kichwa. Babu Tela alikaa nyuma yangu ili akohoe nikitakiwa kusema jambo.

Nilianza kwa sauti niliyoifanyia mazoezi mbele ya Huyu na Yule. Nikauliza kama bwana afya alikuwa na mamlaka ya kuamua. Mwenyekiti akasema alikuwa nayo. Nikauliza kama alinisikiliza. Bwana afya akasema ndiyo, akarudia na jibu langu kwamba moto haujawahi kulipuka. Nikauliza kama alitoa sababu. Mwenyekiti akaisoma sababu, neno kwa neno. Hapo mazoezi yakawa yameisha. Babu Tela akakohoa, lakini sikujua anakohoa nini.

Mwenyekiti akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Mama, hilo jiko sasa hivi liko wapi?"

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Nikasimama wima kama mtoto anayejua jibu.

"Liko palepale, mheshimiwa. Sijaligusa hata kidogo."

Kijana wa kuandika akaacha kuandika. Mwenyekiti akaniuliza kama bwana afya hakuniambia nilihamishe. Nikasema aliniambia. Akauliza basi kwa nini sikulihamisha. Nikageuka kumtazama Babu Tela. Alikuwa anaitazama feni.

"Kwa sababu ya Nchi ya Chumvi," nikasema.

Mzee aliyekuwa anasinzia akaamka, akauliza chumvi gani. Ikabidi nieleze. Nikaeleza Chumvi na jaji wake, na taa ya nyuma, na nilipoona wananisikiliza nikaeleza na Saruji, na Mbao, na kimya kimoja cha nchi mbili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia masikioni mwangu mwenyewe jinsi ninavyosikika. Bwana afya alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Mwenyekiti hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Alinijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Akasema hayo yote yapo, na kila nchi ina sababu ya kufanya inavyofanya. Kuna wanaoona heri aliyekosea apewe nafasi ya kujirekebisha, na kuna wanaotaka mtu wa nje asiyejuana naye.

"Lakini hapa kwetu kamati haikai kumhukumu bwana afya," akasema. "Tunaamua upya, kana kwamba hakuna aliyeamua, na tunaamua kwa hali ilivyo leo. Ungelihamisha jiko jana, leo tungekuwa tunakuandikia kibali."

Nikakaa. Nilimfikiria Mkaguzi, na kufuli, na mama yake anayetoka alfajiri. Muda wote ule nilikuwa nalinda jiko dhidi ya watoto, wakati kazi yangu ni kinyume chake, na kuijua hiyo hakutaki kuvuka mpaka wowote. Mtoto mgongoni akaanza kulia, nikamshukuru moyoni, maana alinifichia macho yangu.

Wakanong'onezana. Mwenyekiti akasema kama jiko liko palepale, hana namna, amri itabaki. Ila hawana desturi ya kufunga mahali penye watoto bila kupaona. Twende tukaone, kisha tumalize.

"Vitunguu," Babu Tela akaninong'oneza kwa furaha. Ningekuwa na viatu vingine ningemkanyaga.

Tulikwenda kwa pikapu ya halmashauri, mimi mbele na mwenyekiti, wengine nyuma wameshika vyuma. Njiani mwenyekiti alimchezea mtoto wangu kidole akaniuliza kama ameanza kutambaa. Nikasema bado. Nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wale mama jioni, na kila neno nililolipanga lilianza na "samahani".

Tulipoingia uani nilidhani nimekosea nyumba. Katikati ya ua kulikuwa na mlima wa minyororo na turubai. Kando yake matairi yamelazwa chini, Huyu ndani ya moja na Yule ndani ya lingine, kila mmoja amefurahi kwake. Bosi amekalia kiti cha lori, anatutazama kama waliochelewa kazini. Malkia yuko mkononi mwa mama mkwe, kimya, kwa kuwa hajawekwa chini. Na mama mkwe yuko kwenye banda la nyuma, ambalo lilikuwa tupu na limefagiwa, ameweka ubao kulizuia kwa mbele, na ndani yake anakoroga uji juu ya jiko langu.

Tukaenda mlangoni. Ndani ya duara la chaki hapakuwa na kitu ila Mkaguzi, aliyekaa katikati na kikombe chake. Bwana afya akachuchumaa kando yake, akaligusa duara kwa kidole, akanitazama kama anayetaka kuuliza, kisha akaona asiulize.

"Mama," mwenyekiti akaniita, "si umetuambia jiko liko palepale?"

"Nilipoondoka lilikuwepo," nikasema.

Mama mkwe akajibu toka bandani, bila kuacha kukoroga. Alisema yeye ana macho mawili tu, hawezi kuangalia watoto wote hawa na moto kwa wakati mmoja, kwa hiyo tulipokata kona tu akaanza kuvuta matairi. Kama kuna wa kumfunga wamfunge, ila wasubiri uji uive.

Mwenyekiti akavaa miwani yake, akaivua tena.

"Nimekaa kwenye kamati hii miaka mingi," akaniambia. "Nimedanganywa na watu wa kila aina. Wewe ni wa kwanza kudanganya ili ushindwe."

Sasa ndipo alipocheka, na sote tukacheka, hata mzee wa kusinzia, ambaye nadhani alikuwa bado anaifikiria chumvi. Wakasimama pembeni wakazungumza kidogo. Rufaa ikakubaliwa: jiko libaki bandani, ubao usiondolewe, watoto wasizidi hawa waliopo. Bwana afya ndiye aliyepima umbali kutoka bandani hadi mlangoni, na nadhani aliniongezea kidogo. Kabla ya kupanda gari akayatazama matairi, akasema yakikaa hapo yatashika maji ya mvua na mbu watazaliana, yaondoke uani.

Babu Tela alikuwa amesimama katikati ya mali yake kama mtu aliyefikwa na mafuriko. Akasema kwa heshima kwamba anakata rufaa. Bwana afya akamwambia yeye ametoa ushauri tu, aliyeyatoa bandani ni mwenye nyumba yule pale, na gari likaondoka.

"Haya," Babu Tela akageukia bandani. "Nani anasikiliza rufaa hapa?"

"Mimi," mama mkwe akasema.

Babu Tela akavua kofia. Nadhani alikuwa anazipitia nchi zake moja moja, anatafuta mwenye joho. Mwishowe akavuta stuli, akakaa mbali kidogo, akasubiri mama agawe uji, awalishe watoto, na yeye mwenyewe ale ashibe. Ndipo akamsogelea, kofia mkononi, akamwomba afikiri tena. Kumbe ua wetu siku zote ulikuwa Nchi ya Mbao. Na kweli yule aliyeshiba alirekebisha kidogo: matairi yauzwe, lakini kiti kibaki, kwa kuwa Bosi alikuwa amekilalia na hakuna aliyetaka kumwamsha.

Nilivua viatu vya harusi, nikachukua kitambaa cha maji nikafuta ile chaki. Haikutoka vizuri. Mpaka leo mwanga ukiingia asubuhi unaliona duara, na watoto wanagombania kukaa ndani yake.

Jioni mama yake Mkaguzi alifika wa kwanza, bado ananukia sabuni ya hospitali. Nikamwambia kesho amlete kama kawaida, na keshokutwa, na siku zote. Alipiga magoti kumfunga mwanawe viatu, akakosea akamvisha kinyume, kulia kushoto, akavivua akaanza tena. Kisha akaniuliza tulishindaje.

Nikavuta pumzi nianze na Nchi ya Chumvi. Mama mkwe, aliyekuwa anaosha vikombe, akainua uso akanitazama.

"Mama alihamisha jiko," nikasema.